Gemu ndogo ya simu: Firebase inatosha
Unauliza kama uweke zana tatu za kufuatilia wachezaji kwenye gemu yako? Weka Firebase peke yake, mkuu, yaani huduma ya Google yenye sehemu ya takwimu za matumizi ya programu. Kwa gemu ya mafumbo yenye hatua chache, kuweka zana tatu kwa pamoja ni mzigo wa bure: faili la gemu linanenepa, na takwimu zenyewe hazitalingana kwa sababu kila zana inahesabu "mtumiaji" kwa namna yake.

Sehemu hiyo ya takwimu ni bure, na inakubali hadi majina 500 ya matukio (vitu anavyofanya mchezaji unavyotaka virekodiwe) kwa programu moja. Wewe hutafika hata 20. Rekodi level_start (kuanza hatua), level_end (kumaliza hatua) na tutorial_complete (kumaliza mafunzo ya mwanzo); majina hayo yamo tayari kwenye orodha ya Firebase, halafu angalia wangapi wanarudi kesho yake na wanakwama hatua ya ngapi. Basi. Mimi gemu yangu ya kwanza nilirekodi kila mguso wa skrini, na sikusoma hata robo yake. Chunga herufi pia: Level_start na level_start kwa Firebase ni matukio mawili.

Usishtuke ukikuta ripoti tupu siku ya kwanza, huweza kuchelewa hata saa 24. Kuhakikisha matukio yanafika, fungua DebugView, ukurasa wa Firebase unaoonyesha matukio ya simu yako ya majaribio yanapoingia.

Ila kama hutaki kujipangia ripoti mwenyewe, GameAnalytics, zana nyingine ya takwimu, nayo ina kiwango cha bure, imeundwa kwa ajili ya gemu na inaingia Unity (programu ya kutengenezea gemu) bila shida. Na wachezaji wakiwa watoto, zima ukusanyaji wa kitambulisho cha matangazo (namba ya simu husika inayotumiwa na watangazaji kumtambua mtumiaji) kabla hujapandisha Play Store.