Gari Lililonunuliwa kwa Picha: Je, ni Haramu, na Muuzaji Akificha Aibu?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni kijana wa Mombasa. Nilifanya kazi Doha, nikaweka akiba, na niliporudi nikanunua Subaru WRX STI, gari la mwendo kasi, kutoka kwa kampuni iliyoko Japani. Sikuliona ila kwa picha na video. Tangazo lilisema gari limethibitishwa, lina cheti cha ukaguzi na halijawahi kupata ajali. Nikatuma pesa zote kwa TT, yaani kutoka benki hadi benki. Lilipofika, fundi alilipandisha juu akakuta limenyooshwa upande wa mbele. Baadaye nikaipata karatasi yake ya mnada, nayo ina alama ya R, ya gari lililogongwa likatengenezwa. Kampuni inanijibu kwamba mkataba unasema gari linauzwa kama lilivyo. Tangu siku ile nimeliegesha. Na baba yangu amesikia mawaidha ya ustadhi mmoja kwamba kununua gari ambalo hujaliona ni haramu. Hataki hata kulikalia, ananiambia niliuze upesi. Nifanye nini? Na je, gari la namna hii ni israfu?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, nimelisoma swali lako pamoja na ile karatasi uliyoniambatanishia. Ninalijibu hadharani kwa sababu mawaidha aliyoyasikia mzee wako yamenifikia na mimi kutoka kwa watu wengi, na yameanza kutia fitina majumbani. Umelipa taslimu kwa pesa ya jasho lako, kwa hiyo mambo ya riba hayatuhusu hapa. Wala hatubishani kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharari, yaani ya kubahatisha kisichojulikana. Tunaloulizana ni kama gari lako limo ndani ya katazo hilo.

Ustadhi ana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba madhehebu yetu ya Shafi hayasihishi kuuza kitu ambacho hakikuonwa. Nimpe haki yake, hakuizua. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi ya Kishafi, ameitaja kauli hiyo kuwa ndiyo iliyo dhahiri zaidi kati ya kauli mbili za Imam Shafi. Lakini papo hapo ameitaja ya pili: biashara inasihi, na mnunuzi ana hiari atakapokiona kitu, akipenda akichukue, akipenda akirudishe. Sasa kwa nini watu wasomewe nusu ya sentensi? Na kwa nini wasiambiwe kwamba Abu Hanifa ameisihisha biashara hii kwa hiari ya kuona, na kwamba Malik na Ahmad wameisihisha kwa kutajwa sifa zinazokibainisha kitu? Mas-ala ambayo maimamu wamekhitalifiana ndani yake, mtu ana ruhusa kuchagua kauli na kuifuata. Hana ruhusa kupanda mimbarini akawahukumia wenziwe haramu, akamfanya mzee wa watu akimbie gari la mwanawe kama anayekimbia nguruwe.

Na jambo hili halikuanza na meli za Japani. Uthman bin Affan alimuuzia Talha bin Ubaydillah ardhi iliyokuwa mbali. Uthman akaambiwa amepunjika, akasema: mimi nina hiari, kwa sababu nimeuza nisichokiona. Talha naye akasema: hiari ni yangu, kwa sababu nimenunua nisichokiona. Wakamfanya Jubayr bin Mut'im kuwa mwamuzi, naye akahukumu kwamba hiari ni ya Talha, mnunuzi. Tazama vizuri waliteta nini. Waliteta hiari ni ya nani, na hakuna kati ya hao watatu aliyesema biashara yenyewe haipo.

Tuseme basi kwamba wewe ni mtu wa Minhaj, hutoki nje ya kauli ile hata kidogo. Bado madhehebu hayakufungii mlango. Kwa Mashafi kipofu hanunui mwenyewe kitu cha kuonwa. Humwakilisha mwenye macho, naye akaona na kununua kwa niaba yake. Anayeishi Mombasa naye anaweza kumwakilisha mtu aliyeko Yokohama au Nagoya, akalitazama gari na kumnunulia, akalipwa ujira wake. Vijana wetu wako huko, wanaifanya kazi hii kila wiki. Ustadhi angewaelekeza watu huko, angekuwa amefundisha. Yeye amekemea tu, na spika anazokemea nazo, nijuavyo, ziliagizwa Dubai kwa simu.

Hoja yake ya pili ni hadithi ya Hakim bin Hizam: "Usiuze kisichokuwa kwako." Hadithi hii twaikubali kichwani na machoni, ila haisemi usiuze kisichoonekana. Inamkataza mtu kuuza asichokimiliki. Hapa kweli pana tatizo katika biashara ya magari, nalo ustadhi amelipita bila kuliona. Wako wauzaji wanaotundika picha ya gari ambalo lingali mnadani, mali ya mtu mwingine. Wakishapokea pesa yako ndipo waende kushindana kulinunua. Huyo akikuuzia kama mwenye mali, biashara ni mbovu. Akisema wazi kwamba yeye ni wakala wako, anakununulia na kuchukua ujira unaojulikana, hakuna ubaya. Kwa hiyo ulizeni kabla ya kutuma TT: gari hili ni lenu, au mnakwenda kulitafuta?

Ama gharari, nayo ina vipimo. Kijana anayekwenda yadi hapa mjini akalizunguka gari na kupiga teke tairi, ameona nini? Ameona rangi iliyong'arishwa. Karatasi ya mnada wa Kijapani ina mchoro wa gari lote na alama kila palipo na kasoro: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipotengenezwa pakabaki mawimbi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Juu kuna daraja: 4, 4.5, 5 kwa magari mazuri, na R au RA kwa gari lililogongwa likatengenezwa. Pana namba ya chesi, mwaka na kilomita. Mwenye kuisoma karatasi hiyo analijua gari kuliko aliyelipiga teke, na sifa zilizodhibitiwa namna hii ndizo mafakihi walizozitaka. Wewe karatasi uliipata baadaye, lakini ulinunua kwa picha, video na sifa za tangazo, basi kwa rai yangu ununuzi wako umesihi, gari ni lako, na mzee wako akipanda hana dhambi.

Sasa nije kwa muuzaji. Biashara yako imesihi kwa sababu ya sifa, na sifa hizo hizo ndizo zinazomfunga yeye. Hawezi kula bei ya "halijawahi kupata ajali" kisha akakuletea R. Kwenye karatasi uliyonitumia boneti ina XX, na bawa la mbele la kushoto lina W. Aliyelinunua mnadani alikuwa na karatasi hii mkononi, akakutangazia vingine. Huu ni ule ule udanganyifu wa mwenye rundo la chakula, ambaye Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya rundo lake akakuta unyevu, akamwambia kwa nini hakuuweka juu watu wakauona, kisha akasema mwenye kutughushi si katika sisi.

Na hapa lazima niseme kuhusu neno "limethibitishwa", maana vijana wengi linawaliza. Limethibitishwa na nani, kuhusu nini? Cheti cha ukaguzi kinachotakiwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya, kabla gari halijapakiwa melini hushuhudia kwamba gari linafaa barabarani na limetimiza masharti ya kuingia Kenya, pamoja na lile la kutozidi miaka 8. Hakisemi kama liligongwa zamani likanyooshwa vizuri. Muuzaji anayekionyesha cheti hicho kama ushahidi wa usafi wa gari amekitolea ushahidi ambao haumo.

Anadai mkataba unasema "kama lilivyo". Shuruti ya kujivua na aibu zote, yaani kasoro za kitu kinachouzwa, wanazuoni wameizungumza tangu zama za masahaba. Imam Malik amepokea katika Muwatta, kitabu chake cha hadithi, kwamba Abdullah bin Umar aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa shuruti ya kujivua na aibu. Mnunuzi akamshitaki kwa Uthman kwamba mtumwa ana ugonjwa ambao yeye hakuambiwa. Uthman akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipomuuza hakujua kuwa ana ugonjwa wowote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa wake, na baadaye akamuuza kwa dirhamu 1,500. Madhehebu yetu yamebana zaidi: kwa kauli iliyo dhahiri zaidi, shuruti hiyo humsalimisha muuzaji na aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, basi. Gari si mnyama, na huyu alijua. Ajabu ni kwamba ustadhi aliyelikalia koo gari lako kwa sababu hukuliona hana neno hata moja kwa aliyeliona akaficha.

Haki yako ni hii. Asili kwa Mashafi ni kurudisha gari upesi na kuchukua pesa zako, na ukilitumia baada ya kuijua aibu haki hiyo hupotea. Kwa hiyo ulivyoliegesha umefanya vyema, na liache hapo hapo mpaka mambo yaishe. Lakini gari lililokwisha kulipiwa ushuru wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kulirudisha Japani ni hasara juu ya hasara. Hapa mimi nakupa kauli ya Mahanbali, wafuasi wa Imam Ahmad: mnunuzi ana hiari ya kubaki na kitu na kudai fidia ya upungufu. Tafuta mafundi wawili waadilifu. Wakisema gari kama hili likiwa zima lingeuzwa shilingi 3,000,000, na hili lenye R ni 2,400,000, upungufu ni moja ya tano. Dai moja ya tano ya bei uliyoilipa kampuni. Ushuru hauingii katika hesabu hiyo. Waandikie leo, uwaambatishie picha ya tangazo lao la "halijawahi kupata ajali" na karatasi ya mnada, vyote katika barua moja. Kampuni inayoishi kwa wateja wa mbali huogopa sana karatasi mbili zilizowekwa pamoja.

Kuhusu mzee wako: usimpelekee jibu hili ukalisoma mbele ya ndugu zako kana kwamba umemshinda. Amekuogopea moto, na hilo ni pendo. Keti naye baada ya Ishaa, mwambie mas-ala haya yana kauli zaidi ya moja. Akitaka kusikia kwa mtu mwingine, mfuatane mwende kwa mwanachuoni anayemwamini yeye. Akiendelea kukataa kulipanda, mpeleke msikitini kwa tuktuk na ulipe wewe.

Umeniuliza juu ya israfu. Kama mama na baba wanakula, hudaiwi, na mahari ya huyo utakayemuoa hukuyageuza magurudumu, sina dalili ya kukuharamishia Subaru. Wasiwasi wangu uko kwingine. Mji huu unazipenda Subaru tangu zilipokuwa zikishinda Safari Rally, na sasa wako vijana wanaozishindanisha usiku barabarani na kuwekeana pesa. Dau lile ni kamari, Mtume (s.a.w.) ameruhusu zawadi ya mashindano katika ngamia, farasi na mishale, na hakuna mwanachuoni ninayemjua aliyeingiza humo magari ya vijana wanaokimbizana kwenye barabara wanayovuka watoto wa watu. Nimewasalia jeneza baadhi yao. Wakikuita, usiende, hata kama ni kutazama tu.

Na ukiamua kuliuza ili umridhishe mzee, uza, ni mali yako. Lakini mnunuzi umpe ile karatasi mkononi, na umwonyeshe R kwa kidole kabla hajatoa shilingi.

Wallahu aalam.