Kabla hujachagua mada ya PhD, chagua mtu wa kukufundisha

Wadogo zangu mnaotaka kuingia kwenye utafiti wa kinga ya mwili, mnaniuliza sana "Dokta, nifanye mada gani?" na mimi kwangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni utafanya na nani. Mada inabadilika, tena kwenye kinga inabadilika haraka sana, lakini yule atakayekaa na wewe siku data zimegoma kueleweka ndo ataamua kama utamaliza au utaachia njiani.

Mimi nafanya kinga ya malaria, huku huku pwani. Niliingia kwa sababu ya kitu ambacho kila mtu wa huku anakiona hata kama hajasoma: mtoto wa miaka miwili anaumwa malaria mpaka analazwa na kuongezewa damu, wakati bibi yake wanalala chumba kimoja, mbu ni wale wale, ukimpima bibi unaweza kumkuta na vimelea lakini asubuhi kachukua jembe kaenda shamba. Kinga ya malaria inajengeka taratibu, kwa kuambukizwa mara nyingi, na haizuii sana vimelea kuingia, inazuia visikulaze kitandani. Ukikaa mbali muda mrefu inapungua, ndo maana ndugu zetu waliokaa Ulaya miaka wakija likizo bila kumeza dawa za kujikinga malaria inaweza kuwapiga vibaya, na wanashangaa kwa sababu wamekulia hapa hapa.

Mwaka 1961 watafiti waliokuwa Gambia walichukua kingamwili, zile protini za damu zinazopambana na vimelea, kutoka kwa watu wazima wakawapa watoto waliokuwa wanaumwa malaria, na vimelea vikashuka. Yaani tangu mwaka huo tunajua kwamba ndani ya damu ya watu wazima wetu kuna kitu kinafanya kazi, kazi iliyobaki ni kujua ni kingamwili zipi hasa, na kimelea chenyewe kina jeni kama 5,000 zinazotengeneza protini ambazo kingamwili zinaweza kuzilenga, kwa hiyo pa kutafuta ni pengi. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipendekezwa na WHO Oktoba 2021, ikafuata R21 mwaka 2023, na zote mbili zinalenga protini moja ile ile ya kimelea kinapotoka tu kwa mbu, na mtoto anahitaji dozi zaidi ya moja ili imlinde. Kwa hiyo msidhani mmechelewa, kazi bado ipo tele.

Mtu ambaye huwa nawaambia wanafunzi wamsome ni Faith Osier, Mkenya, alisomea udaktari akawa daktari wa watoto, akaingia utafiti wa kinga ya malaria Kilifi, pwani ya Kenya, baadae akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa umoja wa kimataifa wa wanasayansi wa kinga, 2019 mpaka 2022. Vyeo ni sawa, ila mimi kinachonigusa ni kwamba alijenga mtandao wa watafiti wa nchi mbalimbali za Afrika na akawa anafundisha vijana humo humo, hakupanda peke yake.

Sasa utamjuaje supavaiza mzuri? Usiangalie pepa zake tu, yaani makala za utafiti alizochapisha. Tafuta wanafunzi aliowahi kuwasimamia, wapigie simu, uliza wako wapi sasa hivi na jina la nani lilitangulia kwenye pepa iliyotokana na kazi yao. Uliza pia nani anagusa mashine. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona maabara ambayo sampo zinakusanywa hapa kwetu, kwa watoto wetu, zinapakiwa kwenye barafu kavu zinasafirishwa nje, na mwanafunzi wa masta kazi yake miaka yote ni kubandika lebo na kujaza fomu, mwisho wa siku ana cheti lakini hajawahi kutenganisha seli za kinga kutoka kwenye damu kwa mkono wake. Huyo mtu kaibiwa.

Maana kutenganisha seli ni kitu cha kufundishwa ukiwa umesimamiwa pembeni. Nina binti mmoja namfundisha, alikuja damu inamtetemesha mikono. Unatanguliza Ficoll, kimiminika kizito, ndani ya chubu ikae chini, halafu damu uliyoichanganya na maji ya chumvi unaitiririsha juu yake polepole kwa ukuta wa chubu, ukiharakisha zinachanganyika na umeharibu. Unaweka kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha kwa kasi, na unazima breki, kwa sababu ikisimama ghafla tabaka zinavurugika. Ikitoka juu kuna plazma ya njano, chini nyekundu, na katikati kijimduara cheupe chembamba mno, hizo ndo seli tunazozitafuta, unazinyonya kwa pipeti bila kupumua. Alipopata ule mduara safi kwa mara ya kwanza alinigeukia akasema "Dokta, kumbe zinaonekana kwa macho!" Baada ya hapo akazihesabu kwa ile rangi ya bluu inayoingia kwenye seli zilizokufa, karibu zote zilikuwa hai. Tangu siku hiyo maswali yake yamekuwa mengine kabisa, ananiuliza vitu ambavyo inabidi nikasome kwanza.

Na wenzangu mnaosimamia wanafunzi, jamani tusome drafti zao. Mtu anakaa na chapta yako miezi, halafu anarudisha na komenti moja, "rekebisha Kiingereza". Wiki mbili zinatosha, hata kama huna muda msome kurasa tano mkae chini mzungumze. Na anapokosea hesabu kwenye presentesheni mrekebishe, ila usimdhalilishe mbele ya watu, wengi wanaoacha sayansi hawaachi kwa sababu ni ngumu.

Mkitaka kuniandikia mimi au mtu mwingine kuomba nafasi, acheni emaili ndefu za kusifia. Andika umesoma pepa gani, na ni figa ipi (mchoro au grafu) hukuielewa au hukubaliani nayo, na kwa nini. Mistari sita tu. Emaili za hivyo mimi huwa nazijibu, hata kama nafasi sina, kwa sababu najua nani mwingine wa kumpelekea.