Asilimia 67 au 35? Swali kuhusu utafiti wa STAR*D na dawa za sonona

SWALI: Shikamoo dokta. Nasomea uuguzi na mimi mwenyewe natibiwa sonona, dawa ya kwanza ilinigomea, sasa niko wiki ya nne na dawa ya pili. Darasani tulifundishwa kwamba utafiti wa STAR*D wa Profesa John Rush ulionyesha watu 67 kati ya 100 wanapona wakijaribu matibabu mpaka hatua nne. Juzi nikakutana na makala inasema data zilezile zimepigwa hesabu upya na jibu ni 35. Sasa hapo nani anadanganya? Na kama ni 35 kweli, mimi naendelea kumeza hii dawa kwa sababu gani?

JIBU: Marahaba. Umeuliza mawili kwa mpigo, la hesabu na lako wewe, naanza na la hesabu maana ukilielewa hilo la pili linakuwa jepesi kidogo.

STAR*D ulifanyika Marekani kwa pesa za serikali, ukaandikisha wagonjwa 4,041, na matokeo makubwa yakatoka mwaka 2006. Rush na mwenzake Madhukar Trivedi walitaka wagonjwa wa kawaida wanaokuja klinik wenyewe, wenye kisukari, wenye wasiwasi, wenye historia ya pombe, sio wale wanaochujwa mpaka wanabaki na sonona tupu isiyo na kingine. Kwa hilo mimi nawavulia kofia mpaka leo. Wote walianza na dawa ya sonona iitwayo sitalopramu, asiyepona anakwenda hatua ya pili, ama anabadilishiwa (bupropioni, setralini, venlafaksini) ama anaongezewa kitu juu ya ile ya kwanza, wengine walipata tiba ya mazungumzo, alafu hatua ya tatu ndo kuna mambo ya lithiamu na homoni ya tezi ya shingoni, ya nne ni dawa nzito zaidi.

Sasa chukua kalamu. Waliopona kila hatua ni kama asilimia 37, kisha 31, kisha 14, kisha 13. Anza na watu 100, wanapona 37 wanabaki 63, asilimia 31 ya hao ni kama 19, wanabaki 44, asilimia 14 ya hao ni 6, wanabaki 38, asilimia 13 yake ni 5. Jumlisha, 67. Umeona? Hiyo namba haikuhesabiwa kwa vichwa vya watu, imezidishwa kwenye karatasi, na Rush mwenyewe aliandika wazi kwamba ni makadirio ya kinadharia, ukidhani hakuna aliyeacha njiani na kwamba walioacha wangepona kwa kiwango kilekile cha waliobaki. Na walioacha hawakuwa wachache, baada ya hatua ya kwanza ni kama asilimia 21, ya pili 30, ya tatu 42. Ni sawa na mkulima kupiga hesabu ya mavuno kwa kudhani mbegu zilizoliwa na ndege zingezaa sawasawa na zilizobaki shambani. Ila neno "kinadharia" likadondoka njiani, vitabu na walimu wakabeba 67 kama matokeo. Hapo ndo lawama yangu kubwa ilipo, kwa sisi tunaofundisha.

Hiyo ni sehemu moja tu. Kuna ishu ya kipimo pia. Mpango wa awali ulisema kupona kutapimwa kwa skeli ya Hamilton, yaani orodha ya maswali inayotoa alama za ukali wa sonona, mtu anapigiwa simu na mpimaji wa pembeni asiyejua mgonjwa anatumia dawa gani. Zile asilimia za hatua nne nilizokupa hapo juu zimetoka kwenye skeli nyingine, QIDS, ambayo mgonjwa anajijazia mwenyewe klinik. Inatumika sana na ni nzuri kwa kazi ya kila siku, lakini mgonjwa anajua anachomeza na anajua daktari anamtarajia apone. Alafu wakaingizwa kwenye hesabu mamia ya watu ambao alama zao za Hamilton mwanzoni zilikuwa chini ya kiwango cha kuingia au hazikuwepo kabisa.

Mwaka 2023 mtafiti Ed Pigott na wenzake wakarudi kwenye data za STAR*D, wakatumia Hamilton kama mpango ulivyosema, wakawatoa wasiofikia kiwango, na aliyeondoka bila kupimwa mwishoni akahesabiwa hajapona. Ikatoka 35. Rush na timu yake wakajibu kwamba kuwatoa watu wote hao si sawa, na wanasimama na kazi yao.

Kwa hiyo hakuna namba iliyobuniwa hapo, kila mmoja kajibu swali tofauti kuhusu watu walioondoka, mmoja kadhani wangepona kama wenzao, mwingine kadhani hakuna hata mmoja aliyepona, na ukifikiria kidogo tu kati ya walioacha kurudi klinik wapo walioacha kwa sababu wamechoka na madhara ya dawa na wapo walioacha kwa sababu wako fresh hawaoni sababu ya kupanga foleni. Mimi ukinibana niseme, naegemea upande wa 35 kuliko 67, kwa sababu ukishatangaza kipimo chako kabla ya kuanza unabaki nacho hata kikikuangusha.

Jambo ambalo halisemwi sana na kwangu ni zito kuliko ugomvi wote huu ni kwamba STAR*D haikuwa na kundi la kidonge kitupu. Hakuna plasibo. Sonona ina tabia ya kupungua yenyewe kwa baadhi ya watu, kwa hiyo iwe 67 au 35 huwezi kujua ngapi ni kazi ya dawa. Kwa swali hilo nenda kwenye uchambuzi wa mtafiti Andrea Cipriani wa 2018, majaribio 522, watu zaidi ya 116,000, dawa 21, na zote zilishinda plasibo, kwa tofauti ya wastani isiyo kubwa. Ipo, ila ni ndogo kuliko matangazo.

Tuje kwako. Wiki ya nne ni mapema kuitupa hii dawa. Kwenye STAR*D hatua ya kwanza, waliopona walichukua wastani wa karibu wiki saba, na hapo dozi ilikuwa inapandishwa kwa mpangilio, sio mtu kukaa na dozi ya kuanzia miezi miwili. Kwa iyo cha kumuuliza daktari wako ni je dozi yangu imefika inapotakiwa, na tunapima kwa skeli gani kila nikija, maana "najisikia hivyohivyo" haitoshi kuamua. Ukiwa umefika wiki ya sita au nane kwa dozi ya maana na bado hakuna kitu, msiruke tu kwenye kidonge cha tatu. Hatua ya tatu na ya nne ndo zilishuka mpaka kwenye 14 na 13, na hata waliopata nafuu huko (waliopona kabisa na wasiopona kabisa kwa pamoja) walirudi kuumwa zaidi, katika mwaka wa ufuatiliaji waliotoka hatua ya kwanza walirudi kama asilimia 40, waliotoka ya nne kama 71. Ndo maana mtu wa dawa mbili zilizogoma tunarudi nyuma kuuliza upya: ni sonona kweli au ni baipola (ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana) iliyojificha, tezi ikoje, pombe je, vidonge vinamezwa kila siku au vinarukwa, na tiba ya mazungumzo ishajaribiwa?

Usiache ghafla kwa hasira za makala, unaweza kupata kizunguzungu, mshtuko kama wa umeme kichwani, usingizi wa hovyo, alafu utadhani ugonjwa umerudi. Na kama uko chini ya miaka 25, wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka, Marekani onyo hilo liko kwenye maelezo ya dawa zenyewe tangu 2004 kwa watoto, na 2007 likapandishwa mpaka umri wa miaka 24. Yakikujia usisubiri tarehe ya klinik, mwambie mtu aliye karibu na uende hospitali siku hiyohiyo.