Vituo vya data na umeme wa nchi
Ndugu, umeuliza kama vituo vya data, yaani majengo yaliyojaa seva (kompyuta za kuhifadhi na kuchakata data), vinaweza kweli kulemea umeme wa nchi nzima. Takwimu rasmi za Ayalandi zinaonyesha kwamba mwaka 2015 vilitumia asilimia 5 ya umeme uliopimwa kwa mita, na mwaka 2023 vilifikia asilimia 21, kiasi kinachozidi matumizi ya nyumba zote za mijini, yaani asilimia 18. Tuseme kweli, ongezeko hilo lilianza kabla ya akili mnemba kushika kasi. Hata hivyo, chipu zinazoifunza hula umeme mwingi kuliko zile za seva za kawaida na huhitaji kupozwa muda wote, ndiyo maana mwaka 2024 Microsoft ilikubali kununua kwa miaka 20 umeme wa kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, kilichofungwa mwaka 2019 na kilichopangwa kuwashwa tena.