Sharti la nyumba za bei nafuu likivunjwa, jua kwanza unamshtaki nani

Mradi tulionunua nyumba uko pembezoni mwa Jiji la Arusha, upande wa Moshono. Uliidhinishwa kwa kibali chenye sharti kwamba sehemu ya nyumba ziwe ndogo, za bei ambayo mwalimu au fundi anaimudu. Eneo la nyumba hizo leo lina maghorofa na geti la umeme. Wenzetu wa awamu ya kwanza walichanga, wakafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba, wakawaunganisha mwendelezaji, yaani mwenye kujenga na kuuza mradi, na halmashauri humo humo.

Nimelisoma pingamizi la awali, hoja ya kisheria ya kuzuia shauri lisisikilizwe, lililowamaliza: ukurasa mmoja tu. Halikugusa nyumba wala bei. Lilisema baraza halina mamlaka ya kusikiliza shauri dhidi ya halmashauri, basi. Shauri likaondolewa na gharama juu. Kijana mmoja aliniuliza nje ya baraza, "Sasa mama, kwani tumeshindwa au hatujasikilizwa?" Hawakusikilizwa. Na mwanasheria wa upande wa pili hakuhitaji kujibu hata hoja moja ya msingi.

Tangu marekebisho ya sheria ya 2020, halmashauri na mashirika ya umma, Shirika la Nyumba la Taifa likiwemo, yanashtakiwa kwa utaratibu wa mashauri ya Serikali: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Hata pande zote zikikubaliana kusikilizwa barazani, haisaidii. Mamlaka hutoka kwenye sheria, na hoja hiyo inaweza kuibuliwa hata kwenye rufaa, baada ya miaka ya kupigwa kalenda.

Kama anayekudhulumu ni mwendelezaji binafsi, Baraza la Ardhi na Nyumba la wilaya linatosha ikiwa unadai kurudishiwa nyumba au kiwanja kisichozidi shilingi milioni 300, au dai jingine la ardhi lisilozidi milioni 200. Lakini anzia baraza la kata. Tangu 2021 haliamui tena, linasuluhisha, na baraza la wilaya litataka uthibitisho wa kata kwamba suluhu imeshindikana, isipokuwa siku 30 zimepita bila suluhu. Watu wa mjini wanaidharau hatua hii kwa sababu kikao ni cha wazee na benchi la mbao. Shauri huondolewa kwa hilo pia.

Sasa kuna mwiba ambao mawakala hawauzungumzii. Sharti la kibali ni la mwendelezaji na mamlaka ya upangaji. Wewe mnunuzi humo haumo. Ukienda barazani na nakala ya kibali peke yake, utaulizwa haki yako inatoka wapi. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata kishika uchumba, hamishia sharti hilo kwenye mkataba wa mauziano: nyumba ngapi ndogo, za ukubwa gani, bei isizidi kiasi gani, na kwamba masharti ya kibali ni sehemu ya mkataba. Bandika nakala ya kibali nyuma, kila ukurasa usainiwe. Wakala wetu alinung'unika: "Mama, hilo si liko kwenye kibali tayari?" Nikamwambia kama lipo, kuliandika tena hakumpunguzii mwendelezaji kitu. Aliandika, kwa shingo upande.

Ikibaki halmashauri ndiyo inakataa kumbana mwendelezaji, njia ni maombi ya mapitio Mahakama Kuu, ukiomba amri ya kuilazimisha itimize wajibu wake. Hapo utaonyesha wajibu uko kwenye sheria gani na kwamba uliiomba itekeleze, kwa maandishi yenye muhuri wa kupokelewa. Unaanza kwa kuomba ruhusa ya mahakama, ndani ya miezi sita tangu uamuzi unaoulalamikia. Vikao vya maridhiano na barua za kumkumbusha mkurugenzi, hata akizijibu kwa upole, havisimamishi miezi hiyo.