Jibu kwa aliyepasukiwa na kioo bila kuguswa: usikimbilie milimita 8

Ndugu wa Ndosho, pole. Umeeleza kwamba kioo chako cha kahawia cha milimita 6, kwenye dirisha la alumini linalotazama magharibi, kimepasuka saa tisa mchana bila mtu kukigusa, na fundi anakwambia ununue cha milimita 8. Mimi nafunga vioo hapa Goma mwaka wa kumi na sita sasa. Nakuomba usitoe pesa bado.

Kwanza angalia ufa ulikoanzia. Kioo kilichopigwa jiwe huonyesha nyota, nyufa zikitawanyika kutoka sehemu moja. Kilichopasuliwa na joto huanzia ukingoni: ufa huingia umenyooka kabisa, kama uliopigwa kwa skwea, ndipo uanze kupinda. Kwa maelezo yako, nadhani utaukuta huo wa pili.

Kioo ukikikandamiza kinavumilia sana, ukikivuta hakina nguvu. Jua la alasiri linapasha katikati, katikati inataka kutanuka, na ukingo uliojificha ndani ya fremu bado ni wa baridi. Basi ukingo unavutwa. Kioo cha kawaida kinahimili tofauti ya digrii 40 hivi, tena ukingo ukiwa safi. Ukiwa umemegekamegeka, hakifiki huko. Kioo cha rangi kinameza jua kuliko cheupe, na pazia zito likiwa karibu nyuma yake, joto halina pa kwenda. Cha milimita 8 cha rangi ileile kitameza joto zaidi. Utalipa zaidi kwa ugonjwa uleule.

Kwa hiyo shughulika na ukingo. Baada ya kukata, usuguliwe kwa jiwe la kunolea na maji mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Kisha usafiri: kioo kilicholazwa juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, na kupitishwa kwenye makoro, yale mawe ya lava, kinafika nyumbani kimeshaumia. Kisimamishwe, chini kuwe na godoro au katoni, na mtu akishike njia nzima.

Halafu nafasi. Alumini hutanuka zaidi ya mara mbili ya kioo, kwa hiyo usikubali kioo kinachojaa fremu. Acha milimita 3 kila upande, chini kikalie vipande viwili vya mpira, pembeni silikoni. Hili nililijifunza vibaya mno. Mei 2021, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22, ardhi ilitetemeka siku nyingi mfululizo. Kuna nyumba mtaa wa Himbi ambayo nilikuwa nimebana vioo kwa saruji, nikiamini ndiyo imara. Tuliporudi kutoka Sake, tulikokimbilia, nilikuta vyumba viwili havina kioo hata kimoja. Jirani yake alikuwa na vioo vyembamba zaidi, vya milimita 4, lakini vimekalia mastiki laini, ule udongo wa kushikizia vioo. Vilikuwa vizima. Nilimrudishia mwenye nyumba pesa ya kazi, na tangu siku hiyo sijabana tena.

Ukiwa na uwezo, upande huo wa magharibi weka kioo kilichoimarishwa kwa moto. Hupashwa kupita digrii 600 kisha hupozwa ghafla kwa upepo, ngozi yake inabaki imejikandamiza, na hapo kinapata nguvu kama mara nne na kuhimili tofauti ya digrii 200 hivi. Lakini ukishakinunua hakikatwi tena. Ukijaribu kukikata kwa almasi kinageuka punje, kwa hiyo pima mara tatu kabla ya kuagiza. Chumba cha watoto ningeweka kile cha tabaka mbili chenye plastiki katikati, maana hata kikipasuka, vipande havimwagiki kitandani.

Kitu kingine, jivu la volkano. Usilifute kwa kitambaa kikavu, linachora kioo. Mwaga maji kwanza.

Mabaki usiyatupe. Tafuta kipande chenye mwanzo wa ufa, piga picha ya ukingo wake kwa karibu, uiweke hapa niione.