Gharama za kuwatunza wazee: nani alipe nini?

SWALI: Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja ya Tanzania bara. Kwenye semina tuliambiwa Japani wana bima ya utunzaji wa wazee na kila mtu anachangia. Mzigo wanaugawaje ili asionewe kijana wala mzee maskini? Na sisi tukitaka kuiga, tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu afisa, si kila mtu. Bima hiyo, iliyoanza Aprili 2000, humdai mchango aliyetimiza miaka 40. Wa miaka 25 hakatwi, ingawa kodi yake imo, maana nusu ya mfuko ni fedha za serikali.

Tuchukue huduma ya nyumbani inayogharimu yeni 100,000 kwa mwezi. Mzee wa kipato cha kawaida hulipa asilimia 10, yaani 10,000. Zile 90,000 hugawanywa nusu kwa nusu. Upande wa kodi, serikali kuu hutoa 22,500, mkoa 11,250 na manispaa 11,250. Upande wa michango, wenye miaka 65 na zaidi hutoa 20,700, na wa miaka 40 hadi 64 hutoa 24,300. Hapo penye michango ndipo jibu la swali lako lilipo. Uwiano huo wa 23 kwa 27 hufuata idadi ya watu wa kila kundi na hupitiwa kila miaka mitatu. Mwaka 2000 ulikuwa 17 kwa 33. Wazee walivyozidi kuwa wengi, fungu lao likapanda na la wadogo wao likashuka.

Miongoni mwa wazee wenyewe, manispaa hupanga kiwango cha msingi, kisha hukizidisha kwa daraja la kipato. Tangu 2024 madaraja ya kitaifa ni 13: wa chini kabisa hulipa 0.285 ya kiwango hicho, wa juu mara 2.4. Wenye kipato kizuri pia hulipia huduma asilimia 20 au 30 badala ya 10, na malipo ya mtu kwa mwezi yana kikomo ili ugonjwa mrefu usimfilisi.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawauoni. Manispaa yenye wakongwe wengi wa kipato kidogo ingelazimika kutoza mchango mkubwa kuliko ya jirani yenye wafanyakazi wengi. Kwa hiyo katika asilimia 25 za serikali kuu, 5 ni ruzuku ya kusawazisha: hupelekwa zaidi penye wenye umri mkubwa na kipato duni. Ukiacha kipengele hiki, maskini watakuwa wanawabeba maskini wenzao.

Chakula na malazi ya vituoni viliondolewa kwenye bima Oktoba 2005, na nakubaliana na uamuzi huo. Anayetunzwa nyumbani hununua mchele wake mwenyewe. Kwa nini wa kituoni anunuliwe na mfuko? Wa kipato cha chini hupunguziwa.

Mambo yanayowasumbua Wajapani ni mawili. Mchango wa wastani wa wazee umepanda kutoka yeni 2,911 kwa mwezi hadi 6,225 katika kipindi cha 2024 hadi 2026. Na kwa kuwa bei ya kila huduma hupangwa na serikali, ukiibana bei umebana mishahara, wahudumu wanaondoka, na mzee anabaki na haki isiyo na mtu wa kuitekeleza.

Sasa kwetu. Usianze na mchango. Japani hukata wengi wa wazee juu kwa juu kwenye pensheni. Mkulima, mvuvi au mama lishe wetu aliyezeeka hana pensheni ya kukatwa, na kumfuata mlangoni kunaweza kula zaidi ya kinachokusanywa. Zanzibar ilipoanzisha pensheni jamii Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70, ilitumia mapato ya serikali. Lakini hiyo ni fedha mkononi. Haimwogeshi mtu wala kumgeuza kitandani.

Anza na tathmini ya uhitaji. Tengeneza dodoso fupi: anainuka mwenyewe? anaoga? anakwenda chooni? anakula bila kulishwa? anapotea njia? Kipato kisiingie humo kabisa. Uhitaji uamue saa za huduma. Kipato kiamue tu atachangia kiasi gani. Ukivichanganya, mwenye nyumba ya bati ananyimwa huduma hata kama amepooza.

Kisha piga hesabu ya saa. Tuseme wazee 40 wanahitaji saa 6 kila mmoja kwa wiki: jumla saa 240. Mhudumu akitoa njia na kujaza fomu hubaki na kama saa 30 za kazi yenyewe, hivyo unahitaji 8, na wa tisa wa kujazia likizo na ugonjwa. Mishahara yao, nauli na glavu viingie kwenye bajeti ya halmashauri mwaka wa kwanza. Ada kwa familia zenye uwezo isubiri mwaka wa pili, ukishajua saa moja ya huduma imekugharimu shilingi ngapi.